Vipara vya Kwenzi wa Zahanati

Katika mtaa ule ilikuwa vigumu kumpata mtu mzima ambaye kidevu chake hakijapata kuguswa na vidole viwili vya mpigapicha. Kila aliyehitaji picha ya kitambulisho, ya leseni au ya cheti aliingia katika studio yake ya chumba kimoja, akaketi juu ya kigoda cha kuzunguka mbele ya pazia la buluu, akayasikia maneno yale yale aliyoyasikia baba yake: "Kidevu juu kidogo. Kidogo tu. Umezidisha, rudi." Kwa sababu hiyo walimwita Bwana Kidevu, na jina hilo lilimkaa sawasawa kuliko koti lolote alilowahi kushonewa.

Kuhusu makoti, studio ilikuwa na moja tu, jeusi, la kuwaazima wateja. Mgongoni lilikuwa limepasuliwa toka ukosi hadi pindo, ili liwaenee wanene na wembamba pasipo ubaguzi. Kamera haikuuona mgongo, na mteja hakuwa na haja ya kugeuka. Kando yake zilining'inia tai mbili zilizokwisha kufungwa, pamoja na kitana kilichofungwa kwa kamba msumarini kisije kikafuatana na mtu hadi nyumbani.

Penye dirisha ilikuwapo meza ya mkewe, na hapo ndipo ilipokaa roho ya studio. Bwana Kidevu hakuona haya kulikiri hilo. Mume alizipiga picha na kuzisafisha katika chumba cha giza, mke akazimalizia. Alikuwa na brashi sita, ile nyembamba kuliko zote ikiwa na nywele tatu tu, na wino wa maji aliouchanganya mwenyewe katika vifuniko vya chupa, kuanzia mweusi tititi hadi kijivu cha moshi. Kwa brashi hizo aliyafunika makovu, akazijaza nyusi zilizopungua, akavisitiri vipara, na aliyekosa usingizi wiki nzima akaonekana kama aliyeamka likizoni. Mezani palikuwa na trei mbili: ya kushoto ya picha zinazongoja, ya kulia ya zilizokwisha. Na palikuwa na sheria moja ambayo mama huyo aliitamka kwa sauti ile ile ambayo wengine huitumia kula kiapo: hakuna atakayefika mbele ya ofisa akiwa rovurovu katika picha iliyotoka mikononi mwake.

Miaka thelathini ya kuyasikiliza maombi ya wateja ilikuwa imemchosha kidogo Bwana Kidevu. Huyu alitaka pua ipungue, yule shavu liongezeke. Mmoja alileta picha ya kaka yake akiomba afananishwe naye. Ndipo alipowapata wateja wasio na neno.

Zahanati ya mtaa ilikuwa nyuma ya studio, mwendo wa dakika nne kwa mtu asiyesalimiwa njiani. Katika ua wake ulisimama mkuyu mkubwa, na mkuyuni waliishi kwenzi. Sehemu kubwa ya mwaka ndege hao walikuwa nadhifu mno, weusi wenye mng'ao wa kijani na zambarau kama waliopakwa mafuta asubuhi ile, na Bwana Kidevu hakuwa na shughuli nao. Lakini kiangazi kilipofika, makinda yakiwa yamekwisha kuruka, manyoya ya wazazi yaliyochakaa kwa kazi ya ulezi yalianza kupukutika. Mmoja alibaki na mkia wa unyoya mmoja. Mwingine alikuwa na pengo katika bawa kama la meno ya mtoto wa miaka saba. Na wachache walipoteza manyoya yote ya kichwa kwa mara moja, wakabaki na ngozi ya kijivu, matundu ya masikio nje, shingo kama kidole. Pamoja na hayo walikaa tawini kwa fahari ile ile ya siku zote, wakimtazama mpigapicha moja kwa moja machoni. Hakuna aliyeomba kitana.

Kwa hiyo kila kiangazi, tangu saa sita hadi saa tisa, wakati ambapo poda iliyeyuka usoni mwa mteja kabla ya kamera kufunguliwa, Bwana Kidevu aliifunga studio, akachukua kiti cha kukunja na lenzi yake ndefu, akaenda kuketi chini ya ukuta wa zahanati. Ulikuwa sasa mwaka wa saba.

"Umewapiga tena wale waliotoroka kwa kinyozi?" mkewe humwuliza arudipo.

"Hawakutoroka. Wanabadili nguo."

"Basi wangejifungia chumbani kama watu wenye adabu."

Mwaka ule wa saba alikuwa na kipenzi. Alimpa jina la Kiguru, kwa kuwa kidole kimoja cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimejikunja ndani, akitua hutua kwa kuchechemea. Ndege wengine aliweza kuwachanganya, lakini Kiguru alimtambua hata akiwa amempa mgongo. Kiguru alinyonyoka kichwa katika wiki ya kwanza ya joto, na Bwana Kidevu akaazimia kumpiga picha kila wiki mpaka atakapomaliza.

Jumatatu moja, wiki ya sita ya joto, shemeji yake aliingia studio bila kubisha hodi. Huyu alikuwa ndugu wa mkewe, bawabu wa zahanati, mtu aliyeamini kwamba habari yoyote, hata ya msiba, hunoga zaidi ikitolewa kwa utani.

"Shemeji, rafiki zako wamehukumiwa."

"Rafiki zangu wapi?"

"Wenye vipara. Si wewe, wale wa mkuyuni." Alijitupa juu ya kigoda cha wateja, akazunguka nacho mara moja. "Matroni amesema wana upele. Jana mmoja ametua dirishani mwa wodi, kichwa kitupu kama yai. Bibi mmoja alikuwa ndiyo kwanza anameza dawa, akaitema yote. Anasema kama dawa za hapa zinamnyoa hata ndege, yeye anarudi kwake."

Mke wa Bwana Kidevu alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Mumewe hakucheka.

"Wamehukumiwa nini?"

"Kufukiziwa sumu, kisha mti ukatwe wasirudi. Bwana afya anakuja Alhamisi saa kumi, kikao kitakuwa pale wanapongoja wagonjwa. Ameshasema hataki hotuba. Mwenye ushahidi alete, asiye nao anyamaze."

Bwana Kidevu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa chafu vile vile. Ushahidi alikuwa nao. Jioni ile alijifungia katika chumba cha giza na filamu zake, akachagua picha kumi na mbili. Sita zilikuwa za Kiguru peke yake: ya kwanza kipara kitupu; ya pili vinundu vyeusi kama punje za pilipili manga; ya tatu vijiti vimesimama kama nywele za mswaki; ya nne vijiti vikianza kufunguka nchani; ya tano kofia fupi; ya sita, ya wiki ile ile, kichwa kizima kinachong'aa. Sita nyingine zilikuwa za wenzake walio njiani. Nyuma ya kila moja aligonga mhuri wa tarehe ilipopigwa. Mtu yeyote mwenye macho mawili, au hata moja zima, angeona kwamba huo si ugonjwa.

Asubuhi kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa picha za madereva waliokuwa wakibadilisha leseni. Bwana Kidevu naye alikuwa na miadi ya hadi Alhamisi mchana, kwa kulala huko huko, katika kiwanda cha mashati upande wa pili wa mji, kuwapiga picha wafanyakazi mia mbili, na gari la kiwanda lilikuwa likipiga honi mlangoni. Alizilaza zile picha kumi na mbili, bado zina unyevu, katika trei iliyokuwa karibu na mkono wake. Ilikuwa trei ya kushoto.

"Mama, hizi ni za bwana afya, za Alhamisi," alisema akitia mfuko begani. "Ndizo zitakazowaokoa wale ndege."

"Nimesikia," akajibu mkewe. "Wewe nenda, zitakuwa tayari."

Alhamisi saa tisa na nusu Bwana Kidevu alirejea na vumbi la kiwanda nyusini, akamkuta mkewe amevaa vazi lake la kutokea na bahasha imekwisha kufungwa kwa gundi, ndani ikiwa na kadi ngumu ili picha zisikunjike. Juu yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wa shule: Kwa Bwana Afya, Ndege. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Umelala vibaya?"

"Nimefanya kazi. Twende, tusimkalishe mtu."

Bwana Kidevu aliguswa kwamba mkewe, aliyewacheka ndege wale miaka saba, sasa anafuatana naye kwenda kuwatetea. Akaibeba bahasha mikono miwili, mfuko wa kamera begani kwa mazoea.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa na mabenchi manne, mizani ya kupimia watoto na saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika kumi. Bwana afya alikuwa mtu mfupi, faili kwapani, miwani juu ya paji la uso, mwenye sifa ya kusikiliza pande zote mbili na kuamua haraka. Matroni alizungumza kwanza. Alisema, kwa heshima na taadhima, kwamba yeye hana ugomvi na viumbe vya Mungu, ila kiumbe chenye upele hakiwezi kuishi mita tano kutoka chumba cha kufungia vidonda.

"Si upele," alisema Bwana Kidevu, akisimama. "Wananyonyoka manyoya ya zamani ili wapate mapya. Hufanya hivyo kila kiangazi. Nimewapiga picha wiki sita mfululizo. Fungua mwenyewe, bwana, uone vichwa vilivyokuwa vitupu vikiota."

Bwana afya akaishusha miwani, akaichana bahasha, akazipanga picha kumi na mbili juu ya meza ya dawa. Akazitazama. Akazitazama tena kutoka upande wa pili.

"Ndege hawa ni wazuri sana," alisema hatimaye.

"Ahsante."

"Lakini vichwa vitupu viko wapi?"

Matroni alisogea, akainama, akainuka. "Hawa si wa kwetu. Wa kwetu hawajawahi kupendeza hivi hata siku ya kuzaliwa."

Mabenchi yote manne yakaangua kicheko. Bwana Kidevu alisogea mezani, na macho yakamtoka pima. Kiguru alikuwa pale mara sita, mara zote sita amevaa manyoya kuanzia mdomo hadi mabegani, yamelazwa moja juu ya jingine, kila moja na mstari wake wa mwanga upande wa kushoto. Mkia uliokuwa na unyoya mmoja sasa ulikuwa na kumi. Pengo la bawa lilikuwa limezibwa. Ilikuwa kazi ya siku mbili nzima, na haukuwapo katika mji ule mkono mwingine wa kuifanya.

Alielewa yote kwa pumzi moja: trei ya kushoto, haraka yake, macho mekundu. Alimwambia picha zitawaokoa ndege, na mkewe akafanya lile ambalo daima liliwaokoa watu mbele ya maofisa.

"Bwana Kidevu," alisema bwana afya, si kwa ukali, "nilisema nataka ushahidi. Ushahidi wako unaonyesha kwamba ndege wazima huwa hivi. Basi wale walioko nje, wasio hivi, ni wagonjwa. Una la kuongeza?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa maneno matatu, na yalikuwa ya kweli, na yangemwaibisha mkewe mbele ya nusu ya mtaa. Kupitia dirishani aliweza kuuona mkuyu, na kitu cheusi kikirukaruka matawini.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliziweka mahali pasipo pake."

"Mahali gani?"

Bwana afya alingoja jibu kiasi cha haki, kisha akaishika kalamu na kuivuta fomu ya amri karibu yake.

"Yeye hasemi, nitasema mimi," ikasikika sauti kutoka benchi la nyuma. Mke wa Bwana Kidevu alikuwa amesimama, mkoba umebanwa kifuani. "Manyoya hayo ni yangu. Nimeyachora mimi."

Saa ya ukutani ilisikika ikikimbilia mbele. Bawabu, aliyekuwa ameegemea mlango, alishika kichwa. "Dada, hata ndege?"

"Hata ndege. Nimeambiwa wanakwenda mbele ya bwana afya. Ningewaacha waende vile?"

"Mama," alisema bwana afya polepole, "hivi unaniambia kwamba picha zitokazo katika studio yenu, tuseme za vitambulisho, huwa zimechorwa?"

"Bwana afya, cha kwako kilipigwa kwetu mwaka juzi. Nieleze nilichokifanya, au tuendelee na ndege?"

Safari hii hata matroni alishindwa kujizuia. Bwana afya alijipapasa juu ya paji la uso, pale ambapo miwani ilikuwa imezoea kukaa, akasema ni vema waendelee na ndege.

"Basi naomba beseni la maji na pamba."

Vilikuwa vitu ambavyo zahanati haikupungukiwa. Mama yule alikunja mikono ya vazi lake, akailoweka pamba, akaikamua, akaipitisha mara mbili juu ya kichwa cha Kiguru wa wiki ya kwanza. Pamba ikatoka nyeusi. Chini yake kikachomoza kipara cha kijivu, masikio nje, na jicho moja la kiburi.

"Ndivyo!" alipiga kelele matroni. "Hivi ndivyo alivyokuwa yule aliyetua dirishani kwangu!"

Bwana afya hakuwa mtu wa kubebwa na kelele. "Nitajuaje kwamba pamba haifuti na manyoya ya kweli?"

"Shika mwenyewe."

Akaishika. Akausugua mkia wa Kiguru, ambao brashi haikuugusa, kama mtu anayesugua sufuria. Mkia ukabaki vile vile. Akausugua mgongo, ukabaki. Akaenda kwenye picha ya pili, akagusa kichwa tu, na manyoya yakamjia kidoleni, yakaacha vile vinundu vya pilipili manga. Akainama zaidi. Ya tatu aliisafisha bila kuombwa. Matroni naye, ambaye mikono yake ilikuwa imesafisha vidonda miaka ishirini, hakuweza kuvumilia kuitazama kazi ya pamba ikifanywa na mtu asiyeijua, akamwondoa mezani kwa kiwiko, akawanyoa ndege waliosalia mmoja baada ya mwingine, kwa mikono myepesi, akianzia katikati kwenda pembeni.

Kiguru wa wiki ya sita alikuwa wa mwisho. Pamba ilipita juu ya kichwa chake mara moja, mara mbili, mara tatu, ikatoka nyeupe.

"Huyo sikumgusa," alisema mama wa brashi. "Hakuwa na upungufu."

Bwana afya alizigeuza zile sita moja moja akaisoma mihuri ya tarehe, akazipanga kwa utaratibu, akafuata kile kidole kilichojikunja kutoka picha hadi picha. Kisha akaichukua fomu ya amri, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Mti usiguswe," alisema. "Ndege wasiguswe. Dirisha la wodi liwekwe wavu, kwa sababu mgonjwa akimeza dawa ana haki ya kutotazamwa. Na mimi nitapita kila Alhamisi nivihesabu hivi vipara mpaka mvua zianze. Vikiongezeka badala ya kupungua, tutaonana tena hapa."

"Havitaongezeka," alisema Bwana Kidevu.

Tatizo lililobaki lilikuwa picha zenyewe, ambazo zilikuwa zimelowa chapachapa. Matroni alitoa wazo. Katika ua kulikuwa na kamba ndefu ya kuanikia mashuka ya wodi, na jua la saa kumi na moja bado lilikuwa na nguvu. Wakazibana kwa vibanio, kumi na mbili, kati ya shuka na shuka. Kabla ya kibanio cha mwisho kufungwa, wagonjwa walikuwa wamekwisha kutoka, mwenye mguu wa bendeji, mjamzito aliyeshika kiuno, mzee na chupa yake ya dawa, wakapita mbele ya kamba kwa mstari, taratibu, kila mmoja akisimama penye anayempenda.

"Mtazame huyu wa tatu! Kama mjomba wangu akitoka kuoga."

"Mimi nampenda huyu asiye na mkia. Amekaa kama mwenye nyumba."

"Usisukume, wewe, wengine hatujaona."

Matroni alitembea kando yao akieleza, kidole mbele, kwamba huo si upele hata kidogo, kwamba ni jambo la kila kiangazi, kwamba mtu yeyote makini angelijua.

Bwana Kidevu na mkewe walikaa kwenye benchi chini ya ukuta, wakingoja.

"Ungesema ni mimi," alisema mkewe. "Ulikuwa karibu kuwapoteza."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa umeganda kama picha." Alitazama juu, mkuyuni, akikaza macho dhidi ya jua. "Wako wapi hasa? Mimi naona majani tu."

Ndipo Bwana Kidevu alipotambua kwamba katika miaka saba mkewe hakupata kumwona hata mmoja wao ila katika picha. Alifungua mfuko, akaitoa kamera, akaufunga mkanda wake kifundoni mwa mkono wa mkewe, akamwelekezea ile lenzi ndefu kwenye tawi la pili kutoka chini.

"Sasa, zungusha hii pete polepole mpaka..."

"Nyamaza, utamfukuza," alinong'ona mkewe. Bega lake lilikuwa limeanza kutikisika kwa kicheko cha chini chini. "Anajikuna. Maskini, yule pale, anajikuna kwa mguu, na vinyoya vinadondoka kama unga."

"Basi bonyeza."

"Nitabonyeza akimaliza."

"Bonyeza kabla hajamaliza, mama, ndiyo picha yenyewe."

Akabonyeza.